Kippie Moeketsi na Wenzake: Mpiga Saksofoni wa Johannesburg

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala uliokuwa na mada hii: kipaji ni mali ya mtu binafsi wala hakina deni kwa jirani. Upande wa kuunga mkono ulishinda kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na kusema kweli tulishindwa vibaya, maana kila tulipotoa hoja wenzetu walituuliza, "Mfano uko wapi?" nasi tukabaki kukodoa macho. Mfano niliutafuta wee, na ulinijia usiku nikiwa bwenini, taa zishazimwa. Majuto ni mjukuu. Basi kwa kuwa mhariri amenipa nafasi, nauleta mfano wangu sasa. Walioshinda watanivumilia.

Mfano wenyewe ni mpiga saksofoni wa Afrika Kusini aliyeitwa Kippie Moeketsi. Wapenzi wa muziki walimpa sifa ya kuwa Charlie Parker wa Afrika Kusini, yaani walimlinganisha na yule Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1955 na ambaye saksofoni yake iligeuza muziki wa jazi ukawa kitu kingine kabisa. Sifa hiyo ni kubwa. Lakini nadhani inatuficha jambo, kwa sababu inamfanya Kippie aonekane kama mti mmoja uliosimama jangwani. Haikuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kundi, na kundi lake lilipotawanywa naye aliporomoka. Hilo ndilo ninalotaka kueleza.

Kabla sijafika huko, hebu tusafishe neno lenyewe. Nilipomtajia mwenzangu wa kidato cha kwanza neno jazi, aliniuliza, "Kama Shirati Jazz?" Swali zuri hilo. Hapa kwetu Afrika Mashariki na kule Kongo neno hili lilibandikwa kwenye bendi chungu nzima: Victoria Jazz, Shirati Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, OK Jazz ya Franco. Bendi hizo zilipiga benga, rumba na dansi. "Jazz" kwao ilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye vyombo vya kizungu, basi. Nyingi za bendi za benga hazikuwa hata na saksofoni. Jazi yenyewe ni muziki ulioanzishwa na watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, nao una utaratibu wake.

Utaratibu huo mwanachama wa chama cha Kiswahili anaweza kuuelewa upesi kuliko wengi, kwa kuwa sisi tunajua malumbano ya ushairi. Malenga mmoja anapotoa shairi, anayemjibu hufuata bahari ile ile, mizani ile ile na vina vile vile, lakini maneno huwa ni yake mwenyewe. Akiharibu vina, amekwisha. Jazi ni hivyo hivyo. Wanamuziki wote wanaanza na wimbo mmoja wanaoujua. Kisha chini yake kunabaki mzunguko wa sauti unaojirudia, ndiyo mizani yao, na juu ya mzunguko huo kila mmoja anapewa zamu ya kubuni maneno yake papo hapo, bila kuandikiwa. Mpiga ngoma anamsikiliza na kumjibu. Mpiga piano anamtegea. Mwingine anachukua pale alipoachia mwenzake. Sasa niambie, malumbano utayafanya na nani ukiwa peke yako?

Na saksofoni? Wengi tunaiona kwenye picha tu, kile chombo cha rangi ya dhahabu kilichopinda kama kiko cha babu. Kilibuniwa na Mbelgiji aitwaye Adolphe Sax, akakisajili mjini Paris mwaka 1846. Ingawa mwili wake ni wa shaba nyeupe, haikuwekwa kwenye jamaa ya tarumbeta. Sauti ya tarumbeta hutokana na midomo ya mpigaji inayotetemeka. Sauti ya saksofoni hutokana na kipande chembamba cha mwanzi kilichofungwa pale pa kupulizia. Kwa hiyo ndugu yake wa karibu kwetu si baragumu bali ni zumari ya Pwani, ambayo nayo hulia kwa ulimi unaotetemeka. Vidole hufungua na kufunga vifuniko vya matundu, lakini mambo matamu yako mdomoni: mpigaji akiubana au kuulegeza ule mwanzi kidogo tu, sauti hupanda, hushuka, hulia, hunung'unika. Ndiyo maana watu husema saksofoni inazungumza. Zipo za ukubwa mbalimbali. Ya Kippie ilikuwa ile iitwayo alto, ndogo kiasi, yenye sauti kali ya juu.

Kippie alizaliwa Johannesburg tarehe 27 Julai 1925. Jina lake kamili lilikuwa Jeremiah Morolong Moeketsi. Hilo la Kippie lina masimulizi yake: ati utotoni alikuwa mtoro wa shule, mama yake akawa anazunguka mtaani kumtafuta akiita "kippie, kippie" kama mtu anayeita vifaranga. (Watoro wa hapa shuleni wasijitetee kwa mfano huu. Mjuao mnajijua.) Nyumba yao ilikuwa ya muziki. Ndugu zake kadhaa walikuwa wapigaji, na kaka yake Jacob alijulikana kwa piano. Kippie alianza na klarineti alipokuwa kijana wa miaka kama 20, akajifundisha kwa vitabu, kisha akahamia kwenye saksofoni. Kwa umri huo wengi wetu tungesema amechelewa.

Lakini tazama alipoingilia. Johannesburg ilikuwa mji wa dhahabu, na migodi na viwanda vilivuta watu kutoka kila pembe ya kusini mwa Afrika. Mitaani mwa maskini, tangu miaka ya 1920, kulikuwa na muziki ulioitwa marabi. Ulipigwa kwa piano au kinanda chakavu katika vilabu vya pombe vya nyumbani vilivyoitwa shebeen, nyumba zilizoendeshwa na akina mama mithili ya wale tunaowaita mama pima. Mwalimu wa nidhamu atanisamehe kwa kuvitaja, ila bila hivyo hadithi hii haipo. Marabi ilikuwa mzunguko mfupi uliojirudia usiku kucha, kama kibwagizo kisichoisha. Baadaye zikaja santuri na filamu za Marekani, vijana wakaunda bendi kubwa za kucheza dansi: Jazz Maniacs, Merry Blackbirds, Harlem Swingsters. Waliposhika mtindo wa Kimarekani hawakuitupa marabi, waliichanganya humo humo. Ndipo lilipozaliwa jina mbaqanga, ambalo asili yake ni chakula cha mahindi cha kila siku. Ni kama sisi tungeuita muziki wetu "ugali".

Kippie alipita katika bendi kama hizo, ikiwemo Harlem Swingsters na Shantytown Sextet. Humo alipiga pamoja na Mackay Davashe, mpiga saksofoni na mtunzi aliyekuwa mkubwa kuliko yeye kwa umri. Kwa hiyo huyu tunayemwita mwalimu naye alikuwa na wa kumfunza. Aliingia barazani, akakuta waliotangulia wameketi, naye akapewa kigoda.

Baraza lenyewe lilikuwa na mahali. La kwanza lilikuwa Sophiatown, mtaa wa magharibi mwa Johannesburg ambamo Waafrika walikuwa wameweza kununua viwanja kabla sheria hazijakaza. Humo waliishi Waafrika, Wahindi, Machotara na Wachina, matajiri kwa makabwela, waandishi kwa majambazi. Kulikuwa na jumba la sinema lililoitwa Odin, na katikati ya miaka ya 1950 wanamuziki walikutana humo kupiga jazi ya kisasa, weusi na weupe jukwaa moja. Kippie alikuwa miongoni mwao. Baadaye wakawa na Dorkay House, jengo la katikati ya mji lililokuwa makao ya chama cha wasanii. Mtu aliingia pale asubuhi na ala yake, akakaa mpaka jioni, akajifunza kwa kusikia.

Katika baraza hilo waliingia pia watoto wa shule, nami hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Katika shule ya St Peter's, Rosettenville, alikuwepo mwanafunzi mtundu aitwaye Hugh Masekela. Alikuwa na makosa mengi hadi kasisi wa shule, Padre Trevor Huddleston, akamuuliza ni kitu gani hasa angekitaka ili atulie. Kijana akajibu kwamba akipata tarumbeta hatasumbua mtu tena. Padre akamtafutia tarumbeta, tena na mwalimu wa kumfunza, mzee aliyeongoza bendi ya tarumbeta ya manispaa. Wenzake walipoona hivyo nao wakataka ala, ikawa bendi nzima. Mmoja wao alikuwa Jonas Gwangwa, akapewa tromboni. Mwaka 1956 Louis Armstrong, mfalme wa tarumbeta wa Marekani, alimpa Huddleston tarumbeta yake mwenyewe iwafikie vijana wale. Wacha wee! Hebu fikiria ufungue sanduku shuleni ukute tarumbeta ya Armstrong. Padre huyo huyo, kwa taarifa yako, alikuja kuwa askofu wa Masasi, Tanganyika, kuanzia mwaka 1960.

Basi wakati Masekela na Gwangwa walipokuwa wakichipuka, Kippie alikuwa tayari ni jina. Angeweza kuwapuuza. Hakufanya hivyo. Alikuwa mkali wa ulimi, tena mlevi, hilo halifichiki, lakini alikaa nao akawaonyesha namna ya kuusikiliza ule mzunguko wa chini na kuupitia kwa njia isiyotarajiwa. Kutoka Cape Town alikuja mpiga piano kijana aitwaye Dollar Brand, ambaye sasa ulimwengu unamjua kwa jina la Abdullah Ibrahim alilolichukua baada ya kusilimu mwaka 1968. Huyo naye alijifunza kwa Kippie. Masekela na Ibrahim walizunguka dunia nzima baadaye, na walipoulizwa habari za mwanzo wao, jina la Kippie halikukosa kutajwa.

Mwaka 1959 walijiunga pamoja: Kippie kwenye saksofoni, Masekela kwenye tarumbeta, Gwangwa kwenye tromboni, Dollar Brand kwenye piano, Johnny Gertze kwenye besi ya kusimama, na ngoma zikapigwa na Makaya Ntshoko na Early Mabuza. Walijiita The Jazz Epistles. Neno hilo la pili maana yake ni nyaraka, kama zile Nyaraka za Mtume Paulo. Kwa hiyo walikuwa Nyaraka za Jazi, na nani asiyejua kwamba waraka huandikwa upelekwe mbali? Tarehe 22 Januari 1960 walirekodi santuri yao, ya kwanza ya urefu kamili kutolewa na wapigaji jazi weusi wa Afrika Kusini. Zilichapishwa nakala 500 tu. Siku hiyo Masekela alikuwa na miaka 20, Gwangwa 22, Dollar Brand 25. Kippie alikuwa na 34. Ukihesabu hivyo unaona nani alikuwa mzee wa baraza.

Ndani ya santuri hiyo kuna wimbo alioutunga Kippie, jina lake Scullery Department, yaani "idara ya kuoshea vyombo". Jina hilo halikuwa mzaha. Katika vilabu vya Wazungu wanamuziki weusi waliitwa kutumbuiza, wakashangiliwa, lakini saa ya chakula ilipofika walipelekwa jikoni, kwenye masufuria machafu. Wimbo hauna maneno hata moja. Lalama yote imewekwa kwenye jina, na muziki wenyewe umechangamka. Mimi nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni wimbo wa furaha.

Hapa yafaa nieleze sheria za ubaguzi zilivyomgusa mwanamuziki, kwa maana katika somo la Historia tunazisoma kama orodha tu. Mwafrika alitakiwa kutembea na pasi wakati wote. Wazee wetu wanakumbuka kipande walichovikwa shingoni enzi za mkoloni hapa Kenya, basi fikiria kipande cha namna hiyo kikiendelea hadi miaka ya 1980. Sasa mwanamuziki kazi yake ni usiku, na usiku mjini alihitaji ruhusa ya pekee. Inasimuliwa kwamba polisi waliwasimamisha wapigaji barabarani na kuwaamuru wapige hapo hapo kuthibitisha kwamba ala si za wizi. Sheria ya maeneo ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi za watu. Sophiatown ikatangazwa kuwa ya Wazungu. Tarehe 9 Februari 1955 walikuja askari wapatao 2,000 wenye silaha, wakaanza kupakia familia kwenye malori kuzipeleka Meadowlands, Soweto. Uhamisho uliendelea kwa miaka, nyumba zikabomolewa, na mtaa mpya wa Wazungu ukapewa jina la Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa mwaka 2006.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Kuanzia mwaka 1960 serikali iliunda Radio Bantu yenye vipindi vilivyogawanywa kwa lugha, kila kabila lisikilize muziki "wake". Jazi je, ingewekwa wapi? Ilikuwa ya Mzulu, ya Msotho au ya Mxhosa? Ilikuwa ya watu wa mjini waliochanganyika, na kuchanganyika ndiko serikali haikutaka kukusikia.

Miezi miwili baada ya ile santuri, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwapiga risasi waandamanaji waliokuwa wakipinga pasi huko Sharpeville, wakafa watu 69. Hali ya hatari ikatangazwa, mikutano ikapigwa marufuku. Bendi ingepiga wapi? Mwezi wa Mei Masekela aliondoka nchini. Miriam Makeba, ambaye sisi tunamkumbuka kwa kuueneza wimbo wa Malaika duniani, alikuwa ametangulia mwaka 1959, na serikali ikamzuia kurudi. Dollar Brand aliondoka mwaka 1962. Nyaraka za Jazi zilikuwa zimedumu kama mwaka mmoja.

Kippie naye alitoka, lakini yake ilikuwa safari ya huzuni. Mwaka 1959 ulikuwa umetolewa mchezo wa kuigiza wa nyimbo ulioitwa King Kong, wenye muziki wa Todd Matshikiza, kuhusu bondia Ezekiel Dlamini. Makeba aliigiza humo, na Kippie alikuwa kwenye orkestra. Mwaka 1961 mchezo huo ulipelekwa London. Wengi katika kundi lile hawakurudi nyumbani, akiwemo Gwangwa ambaye aliendelea hadi Marekani. Kippie aliugua huko London. Akili ilivurugika, akalazwa hospitalini na kupigwa shoti za umeme kichwani, ndiyo tiba iliyotumika sana siku hizo. Alipopata nafuu alirudi Johannesburg.

Akakuta nini? Mtaa umebomolewa, vijana wake wote wako ng'ambo. Mwaka 1963 Chris McGregor, mpiga piano Mzungu, alikusanya bendi kubwa ya watu 17, weusi kwa weupe, nayo ilirekodi santuri. Kippie alikuwemo. Mwaka uliofuata McGregor naye akahama nchi na kundi lake dogo, pamoja na mpiga alto hodari Dudu Pukwana. Kila mara baraza lilipoanza kukaa, mkeka ulikunjwa. Ikafika wakati Kippie hakuwa hata na saksofoni, na kwa miaka kadhaa hakupiga. Mtu ambaye angeweza kuwafunza wote alikuwa Soweto akizunguka mikono mitupu.

Katika ule mjadala wetu mwenzangu mmoja alisema mwenye kipaji halisi hata umtupe wapi ataibuka. Ningependa kumuuliza: mbona Kippie hakuibuka miaka hiyo? Kipaji kilikuwa kimeenda wapi? Hakikuwa kimeenda popote. Tazama kilichotokea mara tu mtu alipomwita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dollar Brand alikuwa akirudi nyumbani mara kwa mara, na mwaka 1973 ikatoka santuri yenye jina la Kippie kwenye jalada. Huko Johannesburg palikuwa na duka la santuri la Rashid Vally, na Vally alianzisha lebo yake akaiita As-Shams, neno la Kiarabu ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: shamsi, jua. Mwaka 1975 lebo hiyo ilitoa Tshona! ambamo Kippie anapiga pamoja na Pat Matshikiza kwenye piano na Basil Coetzee wa Cape Town kwenye saksofoni kubwa zaidi. Sauti yake imeshakuwa ya mtu mzima, haina haraka ya mwaka 1960, lakini sikiliza anavyoachia nafasi ili Coetzee ajibu. Alikuwa amepata tena wa kulumbana naye. Mwaka 1977 ikatoka nyingine aliyopiga pamoja na Mmarekani Hal Singer.

Kuna watakaosema alijiharibu mwenyewe kwa pombe. Ni kweli alikunywa, na pombe ilimmaliza afya. Ila naona si haki kuishia hapo. Masekela naye amekiri katika kitabu cha maisha yake kwamba ulevi na dawa za kulevya vilimtesa kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba Masekela alikuwa na shule ya muziki New York, alikuwa na Makeba, alikuwa na bendi, na akafika siku ya kupona. Ulevi ulikuwa ule ule, majirani ndio hawakuwa wale wale. Wala simaanishi kwamba waliohama walikosea. Mwaka 1985 bomu lilipasua nyumba ya Gwangwa huko Botswana kwa sababu ya kazi yake katika kundi la utamaduni la ANC, kwa hiyo hata ng'ambo haikuwa mteremko.

Kippie alifariki tarehe 27 Aprili 1983 akiwa na miaka 57, maskini. Ubaguzi ulikuwa bado na miaka 11 mbele yake. Mwaka 1987 kilifunguliwa klabu cha jazi kando ya Market Theatre, katika eneo la Newtown mjini Johannesburg, kikaitwa Kippies, na kwa miaka mingi hakuna mpiga jazi wa nchi ile asiyepita hapo. Kilifungwa mwaka 2005. Nje yake imesimamishwa sanamu ya shaba ya Kippie. Masekela alifariki tarehe 23 Januari 2018. Miaka mitatu baadaye, siku ile ile ya tarehe 23 Januari, alifariki Gwangwa. Vijana wawili waliopewa ala na padre mmoja shuleni.

Kwa wale watakaotaka kusikia wenyewe, santuri ya mwaka 1960 imechapishwa upya na inapatikana. Anza na Scullery Department. Ukishaisikia mara moja, rudia, na safari hii usimfuate Kippie. Mfuate Dollar Brand kwenye piano wakati Kippie anapopiga, uone anavyomtegea. Nami nimemwomba mlezi wa chama atuwekee wimbo huo katika kikao cha kwanza cha muhula ujao, kabla ya mashairi. Walioshinda mjadala wameshaniahidi kwamba watakuja na majibu.